Ukucha wa Zambarau

Sehemu ya Saba

Boksi bado liko langoni, msomaji, na Nesi bado amelipigia magoti. Ulimwacha hapo wiki iliyopita, ameshika kiguu cha mtoto wa mbwa, macho yamemtoka, nami nikapokea barua nyingi za watu wakali wakitaka kujua kaona nini. Kaona ukucha. Ukucha mmoja tu, wa mguu wa kulia wa mbele, umepakwa rangi ya zambarau.

Akamshika mtoto wa pili, akakuta vilevile. Wa tatu, vilevile. Wa nne, vilevile. Vitoto vinne vya wiki nne, kila kimoja na ukucha wake mmoja, kama bibi harusi aliyeishiwa rangi katikati ya kazi.

Rangi hiyo Nesi aliijua. Chupa yake aliinunua yeye mwenyewe, akaifunga kwa karatasi ya zawadi, akampa mdogo wake wa tumbo moja siku alipotimiza miaka arobaini. Na huyo mdogo wake, ambaye nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa, ameolewa na mfuga mbwa anayesifiwa kuliko wote mjini, bwana ambaye watu wamembandika jina la Bwana Ukoo.

Wamembandika jina hilo kwa sababu hamalizi sentensi bila kulitaja neno ukoo. Mbwa wake wana ukoo. Baba zao wana ukoo. Ukimsikiliza sana, hata bakuli wanalolia lina ukoo. Na sasa ukoo wote huo ulikuwa umelala kwenye boksi la sabuni mbele ya lango la shemeji yake, unanuka mkojo.

Mama wa vitoto alikuwa amejikunja pembeni, mbavu zake unazihesabu ukiwa mbali. Nesi akamgeuza kichwa taratibu. Kwenye sikio la kushoto palikuwa na kovu la nyuzi tatu, na nyuzi hizo alizishona yeye kwa mkono wake. Miaka mitatu nyuma Kitinda alikuja analia, amembeba mtoto wa mbwa aliyeng'atwa sikio, na Nesi, aliyefanya kazi wodi ya wazazi miaka thelathini, akamshona juu ya meza ya jikoni. Mtoto yule alikuwa binti wa Jenerali, dume la Bwana Ukoo, ambalo picha yake ni kubwa kuliko picha ya harusi ya mwenye nyumba.

Siku ileile Kitinda alimweleza dadake ujanja wake wa kucha. Watoto wa mbwa wakizaliwa hufanana kama punje za maharage, kwa hiyo yeye huwapaka ukucha mmoja wasichanganyike. Rangi inasema mama ni nani. Mguu unasema baba ni nani. Mguu wa kulia wa mbele ni Jenerali. Kabla wateja hawajaja huifuta rangi kwa pamba na dawa, maana mumewe hataki maswali.

Nesi akajumlisha. Mama ni binti wa Jenerali, na mguu wa kulia ni Jenerali. Basi Jenerali ndiye baba wa vitoto hivi, na papo hapo ndiye babu yao. Usinikodolee macho mimi, msomaji, si mimi niliyewaozesha.

Ndiyo maana wa kwanza miguu yake ya nyuma ilitanuka kama ya chura. Wa pili hakushtuka hata Nesi alipolibamiza lango kumjaribu. Wa tatu kitovu kilivimba kama limau, na wa nne jicho moja lilikuwa na utando mweupe. Wana ukoo, hawa.

Kama ingekuwa siku nyingine, Nesi angewaingiza ndani, akawasha jiko, na kununa kimyakimya kama kawaida yake. Lakini leo palikuwa na jambo la kufa na kupona. Saa nne asubuhi hii Bwana Mifugo, afisa wa serikali anayesimamia wanyama, alikuwa anakuja kuhesabu mbwa wa Nesi. Kibali cha Nesi kilikuwa na maneno manne ambayo afisa huyo aliyapigia mstari kwa kalamu nyekundu: mtu mmoja, mbwa ishirini. Akizidisha hata mmoja, kibali kinachanwa, lori linakuja, na wote wanakwenda kupigwa sindano ya mwisho, vizee na wachanga, bila kuchagua.

Nesi alikuwa na kumi na tisa. Ukiongeza boksi, ishirini na wanne. Na saa ya ukutani ilisema saa moja na nusu.

Akatazama ndani kwake. Sebule haikuwa na kochi tena, ilikuwa na magodoro ya kulalia mbwa. Kochi la mwisho lilitoka mwaka juzi, na wageni wa kibinadamu wakatoka nalo. Mbwa hawa wote walikuja na hadithi. Mwenye gari refu alimleta mmoja akasema mwanawe kapata pumu, na kabla mwezi haujaisha akaonekana na mbwa mwingine, mdogo zaidi, anayelandana na rangi ya mapazia. Mwingine alikuwa anahama. Mwingine alikuwa anaoa, na mchumba hataki manyoya. Wote walimwambia Nesi kuwa ana moyo wa huruma, na neno hilo lilishamchosha, kwa sababu kila aliyelitamka alikuwa ameacha injini ya gari ikinguruma.

Magoti yake yalikuwa yamekwisha kwa kupiga deki. Pensheni yake ilikuwa inaliwa kwa mabakuli. Na muda wote huo, kumbe mmoja wa wanaomletea mzigo ni mtu anayekula naye meza moja kwenye shughuli za familia na kumwita shemeji yangu kipenzi.

Damu ikamchemka. Akalibeba boksi, mama na wanawe, akaliweka nyuma ya gari lake bovu, na kuliwasha mara tatu kabla halijakubali.

*

Nyumba ya Bwana Ukoo ina nyuso mbili, kama mwenyewe. Mbele ni marumaru na viti vya ngozi, na ukuta mzima umejaa vyeti vya ukoo vyenye mhuri wa dhahabu. Nyuma ni mlango wa chuma, na wateja huambiwa kwamba huko hawaruhusiwi kwa sababu ya vijidudu.

Vyeti vile, kwa mujibu wa maandishi yake, hutolewa na chama cha ukoo wa mbwa. Chama kina wanachama wawili, mwenyekiti na katibu. Mwenyekiti ni Bwana Ukoo. Katibu ni mkewe, kwa kuwa ana mwandiko mzuri. Kila wiki mume humletea rundo jikoni, karatasi zimepishana ngazi kwa ngazi, pa kutia sahihi tu ndipo panaonekana, naye husaini hamsini kwa mkupuo huku akichungulia sufuria. Hasomi. Asome nini, wakati anajua kabisa kuwa kila neno lililoandikwa pale ni uongo?

Leo ilikuwa siku ya wateja. Mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa suti ya kijivu, alikuwa kwenye kiti cha ngozi, amempakata mtoto wa mbwa kwa mikono miwili kama aliyekabidhiwa yai. Bwana Ukoo alikuwa amesimama mbele yake akimsomea majina ya mababu saba. Amevaa mkanda wenye kichwa cha mbwa cha shaba.

Nesi akaingia bila kubisha, akalitua boksi katikati ya marumaru.

"Nimekurudishia mali yako, shemeji," akasema.

Bwana Ukoo hakupepesa hata kope. Akalichungulia boksi kwa mbali, akaziba pua, kisha akamgeukia mwalimu na kumwomba radhi kwa sauti ya msibani. Alimweleza kuwa huyu ni shemeji yake, mama wa watu, mwenye moyo wa huruma kupita kiasi, anayeokota mbwa wa jalalani hadi umri umeanza kumchezea akili. Mwalimu akatikisa kichwa kwa masikitiko. Na Nesi, aliyezalisha nusu ya mji ule, akasimama pale akihurumiwa.

Akamwambia aangalie kucha za vitoto, kisha amwite mkewe aangalie kucha za mkewe. Rangi ni moja, na chupa anaijua.

"Mwite mwenyewe," akajibu shemeji, na akatabasamu.

Kitinda hakuhitaji kuitwa. Alitokea jikoni na sinia ya chai, macho chini, na Nesi akayatupa macho yake moja kwa moja kwenye vidole vya mdogo wake.

Vilikuwa vitupu. Kucha zote kumi zilikuwa zimefutwa zikabaki nyeupe, na ngozi pembeni imekuwa nyekundu kwa kusuguliwa.

Mdogo wake, damu yake, alikuwa ameshatayarishwa kumkana. Bwana Ukoo akaichukua chai, akapiga funda moja taratibu, akamuuliza shemeji yake kama kuna kingine, kwa sababu yeye ni mtu mwenye shughuli.

Hapo ndipo kitoto kilichokuwa mapajani mwa mwalimu kilipolia.

Kililia kile kilio chembamba cha mtoto anayesikia harufu ya ziwa la mama. Na ndani ya boksi, jike lile ambalo Nesi aliamini halina hata nguvu ya kuinua mkia likasimama. Likatoka, miguu ikitetemeka, likavuka marumaru yote yale, likaweka kidevu juu ya goti la suti ya kijivu. Kitoto kikajinyonganyonga mikononi mwa mwalimu, kikatafuta chuchu hewani kwa mdomo wazi.

Mwalimu mkuu alikuwa mzee, lakini hakuwa mjinga. Miaka arobaini alikuwa amewatazama watoto wa watu wakimdanganya kwa macho makavu. Akavaa miwani yake, akashika mguu wa kulia wa mbele wa mbwa wake, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hapa pana rangi ya zambarau," akasema. "Na umeniambia mama yake yuko ng'ambo."

Bwana Ukoo akacheka kicheko kifupi kisicho na meno. "Mke wangu huyu," akasema, "ni msahaulifu ajabu. Nilimwagiza jana azifute kucha za wote, hata za kwake, nikanusa dawa nyumba nzima nikajua kazi imekwisha. Wanawake, mwalimu. Utawatuma nini wakumbuke?"

Kitinda akaiweka sinia mezani. Aliiweka polepole, na vikombe havikulia.

"Sikusahau," akasema. "Nilifuta zangu tu, ili usikie harufu ya dawa uende ukalale. Za watoto niliziacha, nikijua utalipeleka boksi kwa dada. Nilitaka ajue."

Miaka kumi na sita ya ndoa, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kwa Kitinda kumjibu mumewe mbele ya mgeni. Nesi alitamani kumkumbatia. Pia alitamani kumzaba kibao, kwa ile miaka mitatu ya kunyamaza, na sioni aibu kuyaandika yote mawili kwa sababu yote mawili yalikuwa kweli.

Na Kitinda, akishaanza, hakuishia njiani. Alimweleza mwalimu kuwa kitoto chake ni cha wiki nne, na kinapaswa kunyonya hadi wiki nane. Walizaliwa sita, wawili wanaopendeza wakatengwa wauzwe, wanne wabovu wakatupwa pamoja na mama yao, maana mama naye hazai tena vizuri. Alimwambia Jenerali ni baba na ni babu. Alimwambia mgongo ule wa mteremko ambao wateja wanaupenda na kuupiga picha ni nyonga zinazokufa, na kwamba mbwa wake hatamaliza miaka minne akitembea. Alisema yote kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya sokoni.

Mwalimu hakumrudisha mbwa. Akamshusha chini taratibu, akamwacha anyonye, na akasema kwamba huyu ni wake hata akiwa na mguu mmoja, ila cheti mwenye nyumba anaweza kubaki nacho akafungie karanga.

Ilikuwa saa mbili na nusu, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri Nesi akapumua. Alidhani ameshinda, maskini. Alimsahau mtu mmoja.

Mlango wa chumba cha wageni ukafunguka, na Bwana Mifugo akatoka, makombo ya mkate kwenye masharubu, kalamu nyekundu mfukoni. Kwenye mkono wa kushoto alikuwa amembeba mtoto wa mbwa mnene, mzuri, mwenye utepe shingoni. Ndiye yule wa sita.

Basi Nesi akajua ni nani aliyepeleka malalamiko dhidi ya nyumba yake, na kwa nini siku ya kuhesabu ilikuwa leo, na kwa nini boksi lilikuwa na mbwa watano, wala si mmoja. Shemeji hakuwa ametupa tu taka zake. Alikuwa anajisafishia njia, kwa sababu kila mnunuzi aliyefika kwa Nesi na mbwa kiwete alirudi akijua kuwa ubovu ule ni wa kuzaliwa.

Bwana Mifugo akasafisha koo. Akasema yeye hana upande, yeye ni mtu wa kanuni, na kwa kuwa mbwa wamekwishaletwa hapa anaweza kuanzia hapa hapa. Akatoa fomu. Akauliza mbwa hawa watano wa kwenye boksi ni wa nani.

Na sasa uone akili ya shetani inavyofanya kazi. Bwana Ukoo hakukana tena. Alikwenda hadi mlango wa chuma, akausukuma ukafunguka wote. Harufu ikaja kwanza. Kisha wakaonekana, kwenye vizimba vilivyopandana kama makreti ya soda: mbwa kumi na wanne, majike kumi na watatu na Jenerali mwenyewe, yule wa pichani, amekaa kwa matako kwa kuwa miguu ya nyuma haimbebi tena. Hawakubweka. Mbwa waliozoea kubweka wana matumaini ya kusikika.

"Nimeacha kazi hii kuanzia dakika hii," akasema Bwana Ukoo, na mkono kifuani. "Wote namkabidhi shemeji, yeye ndiye mwenye huruma. Afisa, wewe shahidi."

Uliwahi kuona mtu akitoa zawadi kwa namna ya kukaba koo? Nesi akipokea, atakuwa na mbwa thelathini na wanane, kibali kimekwenda, na wale kumi na tisa wake wanapanda lori. Akikataa, hawa hawana mwenyewe, na mbwa wasio na mwenyewe hupigwa sindano siku hiyohiyo. Mtu huwazalisha miaka kumi, anakula kwa migongo yao, halafu siku moja anafungua mlango na kumwacha mwanamke mwenye magoti mabovu achague nani afe.

Bwana Mifugo akachomoa kofia ya kalamu. Akauliza tena, wa nani.

Nesi akafungua mdomo.

"Wangu," akasema Kitinda.

Wote wakamgeukia. Alikuwa amepiga magoti kwenye marumaru karibu na jike lenye kovu, na mkono wake mtupu ulikuwa juu ya kichwa cha jike hilo.

"Andika jina langu. Nimewapokea wote wakizaliwa, nimewapaka kucha. Kanuni yako inasema mtu mmoja, mbwa ishirini. Dada ni mtu mmoja, na mimi ni mtu mmoja. Mle ndani kumi na wanne. Kwenye boksi watano." Akanyoosha kidole. "Na huyo uliyembeba, afisa, ambaye sijamwandikia risiti. Ishirini."

Mwalimu mkuu akakohoa kikohozi cha mtu anayemtazama mwanafunzi aliyeshikwa na karatasi ya majibu. Bwana Mifugo akakitazama kitoto mkononi mwake, akaitazama suti ya kijivu, akafikiria yale ambayo mzee huyo angeweza kuyaandika kwa wakubwa, na akakitua chini mwenyewe. Kikakimbilia kwa mama yake. Afisa akaandika jina. Mkono haukuwa na raha, lakini uliandika.

"Anwani?" akauliza.

Kitinda akamtazama dadake. Nesi akaitikia kwa kichwa, kwa sababu alijua mdogo wake ameshaondoka katika nyumba hii hata kabla hajafunga mzigo.

"Nyumba ya marehemu baba," akasema Kitinda. "Anapoishi dada yangu, na mimi naye kuanzia leo. Baba alituachia wote wawili, nusu kwa nusu."

Nesi akamshika mkono akamwinua. Tayari alikuwa anapanga kichwani, banda la kufulia nguo litakuwa la majike, chumba cha zamani cha wazazi kitakuwa cha Kitinda. Hakumwona shemeji yake akienda kwenye meza ya vyeti. Alisikia droo tu.

Bwana Ukoo alirudi na karatasi moja. Ilikuwa na mhuri, lakini si ule wa dhahabu wa duka la vifaa vya ofisi. Ulikuwa mhuri wa wakili. Hakumpa afisa, wala Nesi. Alimpa mkewe, kwa adabu zote, na kidole chake akakiweka chini kabisa, palepale anapokiweka kila wiki, jikoni, sufuria ikiwa motoni.

Kitinda akaiona sahihi yake. Ilikuwa nzuri, kama kawaida. Akapandisha macho mistari ya juu, ile ambayo kwa miaka kumi na sita hakuwahi kuisoma, na rangi ikamtoka usoni.

"Nusu yako ulinipa mwezi uliopita, mke wangu, karatasi yake ilikuwa ya thelathini na moja kwenye rundo," akasema Bwana Ukoo, kisha akamgeukia afisa. "Na mwenye nusu hiyo hapendi mbwa nyumbani kwake. Hata mmoja."